Sikio la Kushoto Lilikuwa na Punguzo

Mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu, hajapata kumtendea mtu yeyote ubaya wa makusudi, na hilo ndilo linalofanya kumdharau kuwe kazi ngumu. Mtu mbaya unamdharau mara moja, ukashika njia yako. Mtu kama mpwa wangu hudharauliwa polepole na kwa subira, kwa sababu kila unapokaribia kumaliza, anakuletea kikombe cha chai na kukuuliza kama sukari inatosha.

Ni mtunza bohari katika karakana ya malori. Nimewahi kumtembelea huko. Rafu za chuma zinapanda hadi darini, sakafu imekolea grisi iliyokanyagwa mpaka ikawa kama ngozi, na yeye huketi nyuma ya dirisha lenye wavu, kalamu sikioni. Fundi huja na kipuri kilichochakaa, amekifunika kwa tambara. Mpwa wangu hukigeuza, husoma namba iliyogongwa kwenye chuma, huingia kati ya rafu na kurudi na kingine chenye namba ile ile. Hakuna fundi aliyewahi kumuuliza kama pampu ile imependwa na watu wangapi. Hakuna aliyetaka kujua maoni ya wenye malori wengine. Namba ikilingana, lori litaondoka, isipolingana, halitaondoka. Ungedhani mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo tangu ujana wake angekuwa amejifunza jambo moja, kwamba kabla ya kutafuta kitu ni lazima ujue umekosa nini.

Padre aliyetufundisha hesabu katika shule ya misheni alituzoeza kusoma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Alipita kati ya madawati kwa viatu visivyolia, na akimkuta mtoto anaandika upesi mno, alifunika karatasi kwa kiganja chake na kumuuliza kwa upole: umeulizwa nini? Mpwa wangu hakufundishwa na padre yule, na namwonea huruma kwa hilo, ingawa huruma yangu ina mipaka.

Jina la Bwana Nyota alipewa na mafundi. Siku moja fundi alikuja dirishani kuomba mkanda wa feni, akamkuta mpwa wangu ameinamia simu, anachagua birika la umeme katika soko la mtandaoni. Alikuwa amefika mahali pagumu: birika moja lilikuwa na nyota nne na nusu, la pili lilikuwa na nyota pungufu kidogo lakini lilisifiwa na watu wengi zaidi. Akamweleza fundi mashaka yake kwa urefu. Fundi alisikiliza, akajifuta mikono, kisha akasema, "Bwana Nyota, shuka duniani kidogo unipe mkanda." Karakana nzima ilicheka, na jina likakaa. Yeye mwenyewe hakuudhika. Nadhani aliliona kama cheo.

Birika lile lilikaa kwenye kikapu cha simu miezi kadhaa. Mkewe, msusi mwenye maneno machache na mikono isiyotulia, aliendelea kuchemsha maji kwa sufuria huku mumewe akimpa taarifa ya bei: imeshuka, imepanda, tusubiri kidogo. Lilipofika hatimaye, halikuwa baya wala zuri. Lilikuwa birika. Kwa siku chache mpwa wangu alilitazama kwa unyonge wa mtu aliyeoa baada ya uchumba mrefu, kisha akafungua simu na kuanza kutafuta pasi.

Namna yake ya kutafuta ilikuwa hivi. Kwanza aliandika jina la kitu pamoja na neno "bora", kana kwamba bila neno hilo wangemletea makusudi kilicho duni. Picha zikamiminika. Zile za juu kabisa zilikuwa na neno dogo la kijivu pembeni, "Tangazo", maana yake mwenye duka amelipia ili aonekane wa kwanza. Mpwa wangu aliliona neno hilo kama nishani kifuani. Ukurasa wa pili hakuwahi kuufungua. Kwake ulikuwa kama uchochoro usio na taa, mahali wanapokaa watu ambao hawakufanikiwa. Kisha alichuja. Alichuja kwa bei, akachuja kwa nyota, akachuja kwa rangi hata pale ambapo rangi haikumhusu mtu yeyote. Soko likamwambia kwamba zimebaki mbili tu, na mwezi mzima zikabaki mbili, naye kila asubuhi akashtuka upya. Likamwambia kwamba watu wengine wanaitazama bidhaa hiyo sasa hivi, naye akahema. Alikuwa ameifungua kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya bohari, kwa hiyo wawili kati ya wapinzani wake walikuwa yeye mwenyewe.

Maoni ya wanunuzi ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Nimeyasoma baadhi, kwa sababu alinishikisha simu. Watu wanasifu boksi. Wanasifu mwendesha pikipiki aliyeleta boksi. Wanaandika kwamba bado hawajakitumia kifaa lakini kinaonekana kizuri, na wanatoa nyota tano. Anayetoa nyota moja na kueleza kwa utulivu kwamba kitu kilikufa baada ya wiki, mpwa wangu alimpita haraka. "Huyo ni mshindani wao, Mjomba," alinieleza. "Ametumwa." Mpwa wangu ana imani isiyotikisika kwa kila asemaye ndiyo, na kwa kila asemaye hapana ana upelelezi wa polisi.

Nakumbuka duka tulilonunua vitu tukiwa wadogo. Mwenye duka alikuwa mkali, wala hakuwa mwaminifu sana, na mizani yake ilikuwa na tabia zake. Lakini ukimwomba kioo cha taa alikuuliza kwanza, "Taa yenyewe ya ukubwa gani?" Usipojua, alikurudisha nyumbani ukapime. Alituibia kidogo, lakini alituuliza. Soko la mpwa wangu halimwulizi mtu kitu. Linampa majibu tu, kwa wingi, mpaka anasahau kwamba alikuja na swali.

Haya yote ningeyaacha yapite. Mtu ana haki ya kuhangaikia birika lake. Lakini dada yangu alianza kuwa mzito wa kusikia.

Dada yangu alikuwa opareta wa simu, enzi zile mtu alipotaka kuzungumza na mwingine ilibidi apitie mikononi mwa mtu wa tatu. Nilimwona kazini mara kadhaa nilipokuwa kijana. Waliketi kwenye viti virefu mbele ya ubao wenye matundu, nyaya zikipishana mbele yao kama nyuzi za mfumaji, na kila mmoja alikuwa na kipokea sauti kilichobana sikio la kulia. Dada yangu alikuwa na sauti iliyonyooka, isiyo na haraka. "Namba, tafadhali." Hakusema zaidi ya hapo. Na watu wakipitisha muda wao kwa porojo, aliingia katikati, akasema, "Muda wenu umekwisha," akachomoa waya. Hakukasirika, wala hakusikiliza maombi. Mabwana wakubwa walichomolewa waya kwa sauti ile ile.

Alipofiwa na mumewe alihamia kwa mwanawe, katika nyumba ndogo iliyo nadhifu, yenye korido nyembamba na meza ya kulia iliyotandikwa kitambaa alichokidarizi mkwe wake. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, nimekuwa nikimpigia simu. Huipokea na kusema, "Namba, tafadhali," nami humtajia namba ya simu ya shule yetu ya misheni, namba iliyokufa zamani pamoja na nguzo zake. Husema, "Subiri, nakuunganisha." Kisha tunazungumza. Sisi wawili ndio tuliobaki katika watoto wa mama yetu. Mambo tunayozungumza hayana faida kwa mtu mwingine yeyote, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningeweza kuyazungumza naye.

Sikio lake la kulia lilikuwa limechoka zamani. Alisema mwenyewe, akicheka, kwamba limejaa namba za watu. Alitumia la kushoto. Lakini ikafika wakati akawa anasema "ee" mahali pa "hapana", na kucheka kabla sijafika penye kichekesho. Nikamwambia mpwa wangu ampeleke hospitali, kwa daktari wa masikio.

Akatabasamu kwa upole, jinsi mtu anavyomtabasamia mzee aliyeulizia stempu. "Hospitali ni foleni tu, Mjomba," akasema, akaigonga simu yake kwa kidole. "Siku hizi kila kitu kiko humu. Niachie mimi, Mama nitamtafutia kilicho bora."

Basi akaanza kumtafutia. Mvua zilianza akiwa anatafuta, zikaisha akiwa anatafuta. Kila jioni alirudi kutoka bohari, akaketi kando ya mama yake, akafungua picha za vifaa vya kusikia: vya kuning'iniza nyuma ya sikio, vya kuzama ndani, vyeupe, vya rangi ya ngozi za watu wasiofanana naye. Akamsomea mama yake maoni ya wanunuzi kwa sauti. Alimsomea kutoka upande wa kulia, kwa sababu ndiko kilikokuwa kiti chenye mto. Dada yangu aliitikia kwa kichwa kwa adabu na kuendelea kufuma. Mpwa wangu alijua kila betri hudumu saa ngapi, majina ya maduka na historia ya bei ya kila kifaa. Jambo alilokuwa halijui ni lipi kati ya masikio ya mama yake lilikuwa likisikia, na halikumpitia akilini kwamba hilo ni jambo la kujua.

Nilikuwapo siku kifaa kilipofika. Mwendesha pikipiki alikabidhi boksi, akaondoka. Mpwa wangu hakulifungua. Aliliweka juu ya meza, akalisogeza ili mwanga wa dirisha uliangukie, akalipiga picha, akaketi, akaanza kuandika maoni yake, kwa kuwa wanaowahi kutoa maoni hupewa alama za ziada, na alama zikitosha mtu hupandishwa daraja. Mkewe alisimama mlangoni mwa jiko, akamtazama, akarudi jikoni.

Alipomaliza kutoa nyota ndipo alipotoa kifaa. Kilikuwa kidude cha plastiki chenye kichwa cha mpira laini. Akasoma karatasi, akamwinamia mama yake, akakisukuma sikioni mpaka kikaingia barabara. Katika sikio la kushoto.

Nikamuuliza kwa nini la kushoto.

"La kushoto lilikuwa na punguzo," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya, na katika nyumba ile nisingekuwa peke yangu. Nikamweleza polepole kwamba sikio lililokufa ni la kulia. Kwamba la kushoto ndilo lililombeba mama yake miaka yote hii. Kwamba sasa amelitia kizibo. Akafikiri. Nilimwona anafikiri, kwa kweli, uso wake ukakunjamana kama anapotafuta kipuri kwenye rafu ya juu.

"Lakini Mjomba," akasema mwishowe, "masikio si yameungana kwa ndani?"

Dada yangu alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, akitabasamu. Akampapasa mwanawe mkono. "Asante, mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Kidude kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba tuliousikia sisi sote isipokuwa yeye.

Alikivaa kila siku, kwa sababu mwanawe alikinunua. Kila asubuhi mpwa wangu alikisukuma ndani zaidi, kwani karatasi ilisema mtumiaji asiposikia vizuri, ahakikishe kimekaa sawasawa.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu. Ililia sana, kisha akapokea mkwe. Alisema Mama haisikii ikilia, ngoja ampelekee. Nikasikia hatua kwenye korido, kiti kikisogezwa, na sauti ya dada yangu, iliyonyooka kama zamani: "Namba, tafadhali."

Nikaitaja.

"Namba, tafadhali," akasema tena.

Nikaitaja kwa sauti ya juu. Nikaipaza mpaka jirani yangu akachungulia uani. Nilimsikia akivuta pumzi. Aliniuliza mara ya tatu, kwa upole ule ule, akangoja kwa muda ambao opareta aliruhusiwa kungoja. Kisha akaiweka simu chini, kama inavyofanywa mstari ukiwa hauna mtu.

Wiki iliyofuata hakutaka kuletewa simu. Mkwe aliniambia kwamba siku hizi Mama haulizi hata "nini?". Watu wakicheka mezani anacheka, wakinyamaza ananyamaza, na akipata nafasi anakwenda kuketi chumbani. Nami nilikuwa nimeona wazee wengi wakiondoka kwa njia hiyo, wangali wameketi kwenye viti vyao, na niliona kwamba dada yangu anaondoka, na kwamba nikikawia nitabaki na ile namba peke yangu. Nikafunga mfuko wangu, nikaenda kwao.

Nilimkuta mpwa wangu mezani, macho yanang'aa. Alikubali kwamba kifaa kile labda hakikumfaa Mama. Watu hutofautiana. Lakini sasa alikuwa amepata kingine, duka jingine, jina jingine, boksi la buluu, na nyota zake zilikuwa nyingi ajabu. Kilichomvutia zaidi ni maoni ya mnunuzi mmoja yaliyowekwa juu ya mengine yote. Akanisomea kwa sauti ya kusoma waraka kanisani:

"'Mama yangu alikuwa hasikii kabisa. Tangu kimefika, anasikia hata sindano ikianguka chumba cha pili. Boksi safi, huduma ya haraka. Mungu awazidishie.'"

Mkewe alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. Mikono yake ikasimama, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mume wangu," akasema, "hayo si maneno yako?"

Akayatazama. "Yanafanana," akakubali.

"Na hiyo picha ni meza yetu. Hicho kitambaa nimekidarizi mimi. Hapo pembeni ndipo ulipokiunguza kwa pasi yako ya nyota tano."

Mpwa wangu akaikuza picha kwa vidole viwili. Alama ya pasi ilikuwepo, ya kahawia, yenye ncha. Wenye maduka hayo, kama nilivyokuja kuelewa, hubadilisha jina na boksi na kuyahamisha maoni mazuri pamoja nao, kama mpangaji anavyohama na mapazia yake. Nilingoja. Nilijiambia kwamba hata mtu huyu, akiona uongo wake mwenyewe umerudi mlangoni umevaa koti la buluu, atautambua na kuona haya.

Aliutambua. Uso wake ukachanua kwa fahari.

"Mnaona?" akasema. "Wameyaweka juu ya yote. Watu wote hawa wameyagonga kuonyesha yamewasaidia. Watu wengi hivi hawawezi kukosea." Na mbele ya macho yetu, kwa ushahidi wake mwenyewe wa jambo alilojua kabisa hakuliona, akanunua.

Tangu siku hiyo sikumbishia tena. Kuna watu unaowabishia kwa sababu unawaheshimu, na ilinibidi nikiri moyoni kwamba mpwa wangu ametoka katika kundi hilo. Alikuwa ameulizwa na mama yake, kila siku kwa miezi, kwa lugha isiyo na maneno, swali jepesi kabisa: nina nini? Naye alitafuta jibu kila mahali isipokuwa kwenye lile sikio, lililokuwa umbali wa mkono kutoka kwenye kiti chake chenye mto.

Boksi la buluu lilipofika, ndani yake kulikuwa na kidude kile kile cha plastiki, chenye mluzi ule ule. Mkwe alikitazama, akamtazama mumewe aliyekuwa anatafuta pembe nzuri ya kupiga picha, akavua aproni yake. "Mjomba," akaniambia, "nisaidie kumshika Mama mkono. Tunakwenda kwa daktari."

Foleni ilikuwepo kweli, na tuliketi kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Kabla ya kugusa kitu alitwaa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: LIPI LINAKUSUMBUA? Akampa dada yangu. Nilitaka kumshika mkono na kumshukuru kwa hilo peke yake.

Dada yangu akagusa la kulia, akapunga mkono kama anayeaga mtu. Akagusa la kushoto, machozi yakamlengalenga.

Daktari akawasha kurunzi yake ndogo, akachungulia la kulia, akaguna. Akachungulia la kushoto, akakaa humo kwa muda. "Nani amekuwa akishindilia kitu humu?" akauliza. Mkwe akasema ni mume wake, na kwamba kitu chenyewe kina nyota tano. Daktari hakucheka. Alisema sikio la kulia limekwisha kazi yake na halitarudi, lakini la kushoto halina ubovu wowote wa kutisha. Lilikuwa na nta tu, kama masikio ya wazee wengi, na nta hiyo imesukumwa ndani mpaka ikawa ukuta.

Alitia matone, akatuacha tungoje, akarudi na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, maji ya uvuguvugu na bakuli la chuma. Mkwe alishika bakuli chini ya shavu. Maji yaliingia safi na kutoka machafu, yakaingia tena, na mara likatoka tonge la kahawia, gumu, likagonga chuma.

Dada yangu aliruka kwenye kiti. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama nilivyomwona zamani mbele ya ubao wake, akisikiliza kama mstari umefunguka.

"Nani ameacha bomba wazi?" akauliza.

Tukatazamana. Daktari akaenda mlangoni. Katika chumba cha pili, mbali kidogo, bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji.

Jioni ile tulipofika nyumbani, dada yangu aliketi kwenye kiti chake na kumwita mwanawe aje upande wake wa kushoto. Mkwe alikuwa amemsimulia njiani habari ya maoni, na dada yangu alitaka kuyasikia. Mpwa wangu alijikosha kidogo, akasema ni mambo ya simu tu. Akaambiwa asome. Akasoma, na safari hii sauti ya kanisani haikuwepo.

"Nilisikia lini sindano, mwanangu?"

"Ni lugha ya kibiashara tu, Mama. Wote huandika hivyo."

"Ifute."

Akajikuna shingo. Alieleza, kwa unyofu ambao ungenigusa kama ningekuwa mgeni, kwamba hawezi. Wamemfanya Mnunuzi wa Dhahabu. Akianza kufuta maoni watamshusha daraja, na hata hivyo sasa si uongo tena, kwani Mama si anasikia? Kisha, kuonyesha kwamba hana kinyongo na mtu, akageuza simu atuonyeshe alivyoitendea haki hospitali. Alikuwa ameitafuta huko huko na kuipa nyota tatu. "Daktari mzuri," aliandika, "lakini foleni ndefu na mabenchi ni magumu." Hakuwahi kulikalia benchi lile hata mara moja.

Dada yangu akamgeukia. Nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo, na nilijua kwa sauti gani.

"Muda wako umekwisha," akasema.

Akasimama, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu mpaka upande wake wa kulia ukamwelekea mwanawe. Akaketi, akachukua ufumaji wake. Mpwa wangu alidhani mama yake anatafuta mwanga wa dirisha. Akasogeza kile kiti chake chenye mto, akafungua simu, akaanza kumweleza kwamba sasa tatizo la masikio limekwisha, ni wakati wa kumtafutia kiti bora zaidi.

Jumapili nilipiga simu. Ilipokewa mara moja.

"Namba, tafadhali."

Nikaitaja.

"Subiri, nakuunganisha."

Tukazungumza. Lakini nyuma yake niliisikia sauti nyingine, isiyopumzika, ikisoma habari za viti: huyu amesifu miguu, huyu amesifu boksi, huyu bado hajakikalia lakini kinaonekana kizuri. Nikamuuliza dada yangu mwanawe anazungumza na nani hapo.

"Anazungumza na sikio la kulia," akasema. "Endelea, nakusikia."